Kupanga darasa upya shule ikifungwa bila kuinyima familia likizo yake: hatua kwa hatua

Walimu wenzangu, hasa nyie mnaofundisha la kwanza na la pili, kila ikikaribia Desemba naulizwa hivi unapata wapi muda wa kulipiga rangi darasa, kuandika chati, kutengeneza vifaa, na nyumbani una mume na watoto wanakungoja. Naandika yote hapa kwa utaratibu maana hii kazi naifanya kila mwaka hapa Morogoro na naipenda sana. Muda haupatikani, unaombwa kwa wenyewe. Likizo ya Desemba ni ya watoto wako kabla haijawa ya darasa, kwahiyo mpango unaanzia nyumbani, dukani utaenda baadae.

Hatua ya 1: Kaeni kikao nyumbani kabla shule haijafungwa

Kwetu baba watoto ni mtu wa Rombo, na mnawajua Wachaga na Desemba, ni kwenda nyumbani tu hapo hakuna mjadala, na tiketi za basi ukichelewa hupati. Kwahiyo tunaanza na tarehe ya safari alafu tunarudi nyuma: siku ya safari, siku mbili za kufua na kufunga mizigo, siku moja ya kwenda kumsalimia mama yangu, zinazobaki kati ya hapo na siku ya kufunga shule ndo tunagawana. Darasa linapata siku nne au tano na ni asubuhi tu, saa mbili mpaka saa saba mchana. Saa saba ikigonga nafunga mlango hata kama brashi bado ina rangi, jioni ni ya kwao, na wakishaona kweli umerudi siku ya kwanza na ya pili basi siku ya tatu wanakuamsha wenyewe twende.

Hela pia isemwe waziwazi. Januari inakuja na sare, viatu, madaftari na nauli ya kurudi, hizo hazichanganywi na rangi ya darasa. Sisi tunaweka bahasha ya darasa kuanzia Septemba kidogo kidogo, kilichomo ndo bajeti, kikiisha tunasimama hapo hapo tulipofikia. Mwenzio akijua kiasi tangu mwanzo hawezi kununa, na mara nyingi anaongezea mwenyewe.

Alafu kila mtoto achague kazi yake, usimpangie. Mkubwa wangu ana mkono mzuri anachora, wa miaka sita anaosha vifuniko vya chupa na kutufanyia kazi nyingine muhimu nitaisema huko chini, mdogo kabisa anabaki kwa bibi yake siku za rangi.

Hatua ya 2: Ruhusa

Fupi tu. Mwambie mwalimu mkuu, naye alipeleke kwenye kamati ya shule, mkubaliane rangi gani na ukuta upi. Tangu elimu bila malipo ianze 2016 usithubutu kukusanya michango ya wazazi mkononi mwako, hata iwe shilingi mia tano na hata wakikubembeleza. Mzazi akitaka kusaidia aende kwa kamati, au alete nguvu zake: fundi rangi, seremala, mwenye ngazi. Wapo wengi sana, wanasubiri kuambiwa tu.

Hatua ya 3: Likague darasa likiwa bado na watoto

Hii wengi wanairuka wanakuja kulikagua likiwa tupu, na darasa tupu halikuambii kitu. Wiki ya mwisho wape watoto zoezi alafu nenda kakae dawati la nyuma kabisa pembeni, kaa kabisa usisimame, angalia ubao. Unasoma? Mwanga wa dirishani unapiga ubao saa ngapi mpaka maandishi yanapotea? Pale pembeni watoto wanaandika kizani? Dawati gani linayumba? Mvua za vuli zikinyesha maji yanaingilia wapi? Shika chaki uweke alama ukutani na kwenye madawati pale pale, maana ukiahirisha utasahau. Mimi darasa langu lina watoto tisini na kidogo, kwahiyo kitu kikikosewa mbele wanaoumia ni safu nzima ya nyuma.

Hatua ya 4: Toa vitu nje na utengeneze ukuta kwanza

Rangi haifichi ukuta mbovu. Kama bati linavuja anza na bati, maana ukipaka kwenye ukuta mbichi rangi itavimba na kubanduka, na Desemba kwetu mvua bado zipo kwahiyo fungua madirisha yote asubuhi, uguse ukuta kwa kiganja, ukihisi ubaridi wa maji subiri kesho, fanya kazi nyingine. Nyufa zikwanguliwe, zizibwe, zikauke.

Shule nyingi za zamani zilipakwa chokaa. Ukipandisha rangi ya maji juu ya chokaa inayotoka unga itabanduka yote kwa vipande, kwahiyo pitisha mkono, ukichafuka unga mweupe ujue lazima isuguliwe kwa brashi ngumu na maji mpaka iache kutoka.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Rangi za mafuta za miaka ya nyuma zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Ukuta wa namna hiyo usiupige msasa mkavu. Lowesha, sugua kwa maji, ziba pua na mdomo, kusanya uchafu wote usiufagilie uwanjani wanapochezea, na siku hiyo watoto wako wabaki nyumbani, hata wakilia. Rangi mpya nunua yenye alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania.

Hatua ya 5: Hesabu ya rangi

Usiende dukani kusema nipe rangi ya darasa. Pima. Tuchukue chumba cha mita 8 kwa 6 chenye kuta za mita 3: mzunguko ni mita 28. Mimi nagawa ukuta mara mbili, chini mita 1.2 napaka rangi ya mafuta ya kuiva kidogo, bluu au kahawia, maana hapo ndo migongo, mikono na viatu vinapogusa na inafutika kwa kitambaa, juu mita 1.8 napaka rangi ya maji nyeupe au krimu ili darasa lipate mwanga.

Chini: 28 mara 1.2 ni kama mita za mraba 34, toa mlango na sehemu ya ubao inabaki 30 hivi. Lita moja ya rangi ya mafuta inapaka kama mita za mraba 12 mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja, kwahiyo mikono miwili ni lita 5. Juu: 28 mara 1.8 ni 50, toa madirisha inabaki 40, mikono miwili ni 80, na rangi ya maji kwenye ukuta wa kawaida inakwenda mita za mraba 8 mpaka 10 kwa lita, chukua lita 10, ukuta ukiwa na plasta ya kukwaruza ongeza mbili. Ndo hesabu yenyewe, iandike kwenye karatasi uende nayo, muuzaji akikuona na vipimo anakuhudumia kwa adabu.

Kupaka anza juu ushuke. Kona na pembeni kwa brashi, katikati kwa rola. Mkono wa kwanza ukauke sawasawa ndo uje wa pili, rangi ya mafuta iache mpaka kesho yake. Baba watoto huwa anashika rola mimi nashika brashi, na nakwambia mazungumzo tunayopiga pale mwaka mzima hatuyapati, maana simu zipo nje kwenye begi na mikono yote ina rangi.

Hatua ya 6: Ubao

Ubao wa saruji ukishang'aa chaki inateleza. Upige msasa wa maji, ziba mashimo, paka rangi ya ubao mikono miwili. Ukikauka kabisa chukua chaki ilalishe uusugue ubao mzima alafu futa, ndo utaanza kushika maandishi vizuri. Ule mtindo wa kusugua ubao na unga wa betri kuukuu tuuache jamani, mle ndani kuna kemikali na watoto wanashika ubao kila siku. Upande mmoja chora mistari ya kudumu kama ya daftari kwa rangi nyembamba, mtoto wa la kwanza ataona herufi inakaa wapi na mkia unashuka mpaka wapi.

Hatua ya 7: Ukuta uongee

Hapa ndo moyo wa kazi yote na ndo natumia muda mwingi. Kuta za darasa la kwanza zisipambwe, zifundishe. Ukienda stationari utakuta chati nzuri zinang'aa zina tufaha na treni, kwa Kiingereza, na mtoto wako anajifunza kusoma Kiswahili. Anaangalia picha anasema "tunda" na herufi iliyoandikwa ni A. Anachanganyikiwa bure. Chati ya darasa la kwanza tengeneza mwenyewe kwa vitu anavyoviona akitoka nyumbani: a andazi, b bata, ch chura, d dirisha, k kuku, m mbuzi, ng' ng'ombe, ny nyoka, s sufuria. Usisahau hizo zinazoandikwa kwa herufi mbili, ch, dh, gh, ng', ny, sh, th, ndo zinawakwamisha wengi wakati wa imla na kwenye chati za dukani hazipo kabisa.

Manila zinachanika kabla ya Pasaka, mimi natumia viroba vya salfeti, vile vya unga na mchele. Ufue, uukaushe, ukate ushonee pindo uwe na umbo la mstatili, upake rangi nyeupe ya maji upande mmoja, ukikauka piga mistari kwa penseli alafu andika kwa brashi nyembamba na rangi nyeusi. Unakaa miaka. Ukichafuka unafutwa na kitambaa kibichi. Juu na chini pitisha kijiti ili ukae umenyooka.

Unavyoandika:
- Silabi zipange kwa mstari ba be bi bo bu, ma me mi mo mu, nafasi kubwa katikati.
- Herufi ndogo zianze, maana ndo atakazokutana nazo kitabuni, kubwa weka pembeni yake. Angalia a iwe ile unayowafundisha kuandika.
- Urefu wa herufi usipungue sentimita 5, alafu kaa tena dawati la nyuma ujaribu.
- Nyeusi au bluu iliyoiva kwenye nyeupe. Njano na waridi hazionekani mbali.

Na kimo sasa. Sisi watu wazima tunatundika kwa kimo cha macho yetu, mtoto anabaki kuangalia juu kama anatafuta embe mtini. Ndo pale anapoingia mtoto wangu wa miaka sita: anasimama, ananyoosha mkono, anapoweza kugusa mstari wa juu bila kuchuchumia hapo ndo napiga msumari. Chati za kusoma kwa kugusa zote zinafuata mkono wake. Za kuangaliwa wote kwa pamoja, kama siku za wiki na namba 1 mpaka 100, ndo zinapanda juu karibu na ubao. Anajivuna huyo mtoto hadi mnaenda kulala, anamwambia bibi yake mimi ndo nimepima darasa.

Usitundike kila mahali. Ukuta wa mbele pembeni ya ubao uache mtulivu, na usizibe madirisha wala matundu ya hewa, watoto tisini wanahitaji pumzi.

Hatua ya 8: Vifaa vya kuhesabia

Kusanya vifuniko vya plastiki vya chupa za maji, vizibo vya bati acha, pembe zake zinakata vidole. Ongea na mama ntilie na kijana wa kumbi za harusi tangu Oktoba, wanakuwekea. Watoto tisini kwa vikundi vya sita ni vikundi 15, kila kikundi vifuniko 20, jumla 300. Vioshwe kwa sabuni, vikauke juani, vifungwe kwenye mifuko ya kitambaa, mabaki ya vitenge yanatosha. Ongeza vijiti, tisa vya kimoja kimoja na mafungu ya kumi kumi yaliyofungwa kwa mpira, hapo makumi na mamoja mtoto anayashika mkononi. Hii ni kazi ya jioni nyumbani mezani, hata mtoto wa jirani anajiunga, wanahesabu wenyewe na kubishana, wewe unapika.

Hatua ya 9: Kabla hujafunga mlango

Ukuta wa nyuma uache mtupu. Funga kamba mbili za nailoni toka kona hadi kona, kwa kimo cha watoto, na vibanio vya nguo. Huo ni wa kazi zao Januari, uwe na nafasi ya kila jina siyo wa kwanza watatu tu. Majina yenyewe yaandikwe wakishafika, wewe na wao.

Madawati yarudishwe sakafu ikishakauka, yale uliyoyawekea alama ya chaki yaende kwa seremala kwanza. Viroba vishushwe uvikunje upeleke ofisini, likizo ndefu darasa lisipokuwa na vioo popo na vumbi vinaingia. Rangi iliyobaki funga kopo kwa nguvu, andika juu ya mfuniko jina la rangi, namba yake na ukuta ulioipaka, mkabidhi mwalimu mkuu pamoja na funguo. Mwezi wa sita utahitaji kugusia pale karibu na mlango, na bila ile namba dukani watakupa krimu nyingine.