Faiba au zege: jinsi ya kuchagua bwawa la kuogelea la nyumbani

Mwenye nyumba anayetaka kuchimba bwawa la kuogelea uani kwake, awe Kigamboni, Nyali au Kitengela, kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei na kutazama picha. Ningemshauri aanze na mambo mawili mengine: udongo na maji yaliyo chini ya ua wake, na njia ya kuufikia ua huo. Mara nyingi mambo hayo mawili humaliza mjadala wa faiba na zege kabla fundi hajaandika makadirio, na yasipoangaliwa mapema hujitokeza wakati bwawa limeshajaa maji na mkandarasi ameshalipwa.

Bwawa la faiba hutengenezwa kiwandani. Tabaka za resini na nyuzi za kioo hupakwa juu ya kalibu, likianza lile tabaka laini na gumu linaloitwa jelikoti, ambalo ndilo muogeleaji atakaloligusa. Kinachofika nyumbani ni bakuli moja zima, lenye umbo na kina ambavyo haviwezi kubadilishwa. Bwawa la zege hujengwa hapohapo kwenye shimo lake kwa nondo, saruji, mchanga na kokoto, kisha hupigwa lipu isiyopitisha maji na kuwekwa vigae. Tofauti hii ndiyo chanzo cha nyingine zote: ubora wa bakuli la faiba umeshaamuliwa linapotoka kiwandani, na kazi inayobaki ni kulikalisha vizuri, ilhali ubora wa zege huamuliwa uani kwako, na watu utakaowaajiri wewe.

Hatua ya kwanza ni shimo la majaribio. Lichimbwe mahali hasa bwawa litakapokaa, lizidi kina cha bwawa kwa nusu mita angalau, lizungushiwe uzio na kuachwa kwa siku kadhaa, kisha upime maji yamesimama wapi. Katika ardhi ya mchanga mtu yeyote asishuke ndani ya shimo la kina cha namna hiyo bila kingo kushikiliwa kwa mbao, kwa sababu mchanga huporomoka ghafla. Zingatia pia majira. Katika ukanda wa Pwani, masika ya Machi hadi Mei ndiyo hupandisha sana maji ya ardhini, na vuli ya Oktoba hadi Desemba huyapandisha kwa kiasi chake, hivyo shimo lililopimwa Februari halitoshi kukupa jibu. Rudia kipimo baada ya wiki kadhaa za mvua, na uwaulize majirani wenye visima vifupi maji hufika wapi mwezi wa Mei.

Sababu ya kusisitiza jambo hili ni msukumo wa maji kutoka chini. Chukua bwawa la mita 8 kwa 4 lenye kina cha wastani cha mita 1.4. Likijaa, linabeba takriban lita 45,000, yaani tani 45 za maji, na uzito huo ndio unaolituliza mahali pake. Likikaushwa kwa ajili ya usafi au matengenezo, hesabu inageuka. Bakuli la faiba la ukubwa huo huwa na uzito wa tani moja au mbili hivi, na maji ya ardhini yakipanda sentimita 50 juu ya sakafu yake, hulisukuma juu kwa nguvu ya takriban tani 16. Bakuli litainuka kama ngalawa iliyofikiwa na maji ya kujaa, likikata mabomba na kuvunja sakafu ya pembeni. Bakuli la zege lenye kuta na sakafu za unene wa sentimita 20 huwa na tani 30 hivi, nalo hustahimili sentimita hizo 50. Lakini maji yakipanda mita moja, msukumo unazidi hata uzito wake. Kwa hiyo si kweli kwamba bwawa la zege haliwezi kuelea. Lina nafasi kubwa zaidi ya kuvumilia kosa, basi.

Kwa aina zote mbili, dai kuwekewa bomba la wima la plastiki pembeni mwa bwawa, lenye kipenyo cha milimita 110 au zaidi, lililotobolewa matundu sehemu ya chini na kuzama ndani ya kokoto mpaka chini ya sakafu. Kupitia bomba hilo utachungulia kiwango cha maji ya ardhini na, ikibidi, utashusha pampu ndogo kuyatoa kabla ya kukausha bwawa. Ni kitu cha gharama ndogo ambacho mafundi wengi hukiruka. Bwawa la zege liongezewe vali ya sakafuni inayoruhusu maji ya chini kuingia ndani msukumo unapozidi. Bwawa la faiba lisikaushwe kabisa bila maelekezo ya aliyeliuza, na lisikaushwe kamwe wakati wa masika.

Baada ya maji, tazama udongo wenyewe. Mchanga wa pwani huchimbika kwa urahisi na haujivimbishi, lakini kingo zake haziaminiki. Mawe ya matumbawe, kama yaliyopo sehemu nyingi za Mombasa na Unguja, ni imara chini ya aina zote mbili, ila kuyachonga kwa umbo la bakuli la faiba ni kazi kubwa, na jiwe lililoachwa limechomoza linaweza kulitoboa bakuli. Udongo mwekundu wa Kiambu hautishi sana. Udongo unaostahili hofu ni ule mweusi wa mfinyanzi wa Kitengela, Syokimau, Athi River na kwingineko, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Udongo huo hulisukuma bwawa na kuliachia kila mwaka. Zege hupasuka likivutwa hivyo, isipokuwa nondo zake zimepangwa na mhandisi aliyeujua udongo huo tangu mwanzo. Faiba hujipinda kidogo bila kupasuka, na hapo inayo faida ya kweli, lakini ukuta wake mwembamba huweza kuvimbia ndani ukisukumwa moja kwa moja na mfinyanzi. Katika eneo la namna hiyo, mfinyanzi uondolewe kwa upana na kina kitakachoelekezwa na mhandisi, mahali pake pajazwe kifusi kisichovimba na kokoto, na maji ya paa yaelekezwe mbali na bwawa. Gharama ya kazi hiyo iingizwe katika makadirio ya aina zote mbili kabla ya kuzilinganisha.

Sasa chukua futi kamba upime njia. Bakuli la upana wa mita 4 haliingii katika kontena la kawaida, ambalo upana wake wa ndani ni takriban mita 2.35, kwa hiyo likitoka ng'ambo husafirishwa kwa utaratibu wa pekee wenye gharama kubwa zaidi. Barabarani huwa pana kuliko bodi ya lori, jambo linalolifanya kuwa mzigo usio wa kawaida, na msafirishaji lazima ashughulikie kibali cha mamlaka ya barabara. Likifika mtaani kwako, kuna kona, geti, mwembe wa jirani na nyaya za umeme zinazoning'inia. Kreni inayolibeba juu ya paa huhitaji mahali pagumu pa kusimama, palipo mbali na nyaya na mbali na shimo la maji machafu, kwani kifuniko chake kinaweza kubomoka chini ya uzito huo. Nyumba nyingi za mijini hushindwa mtihani huu. Zege hupita kwenye uchochoro kwa toroli, na hiyo peke yake ndiyo sababu ya wengi kuchagua zege, wakijua au wasijue.

Anayechagua zege ajue kwamba ananunua usimamizi zaidi ya vifaa. Saruji, nondo na mafundi vinapatikana kila wilaya, lakini fundi hodari wa kujenga nyumba si lazima awe hodari wa kujenga kitu kinachozuia maji. Michoro iandaliwe na mhandisi aliyesajiliwa, na mkandarasi awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi kwa Tanzania au Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi kwa Kenya. Mchanga usitoke ufukweni, kwa sababu chumvi yake hula nondo kwa ndani, na nondo inayoshika kutu huvimba na kuvunja zege linaloifunika. Nondo zifunikwe na zege la milimita 40 hadi 50, na kuinuliwa juu ya vipande vidogo vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti, si juu ya mawe wala vipande vya mbao. Maji yasizidi nusu ya uzito wa saruji. Fundi anayeongeza maji ili zege limwagike kwa urahisi anatengeneza vinyweleo vitakavyovuja. Mabomba yote ya ukutani na sakafuni yakae mahali pake kabla ya kumwaga zege, maana kutoboa ukuta baadaye ni kufungua njia ya maji. Zege likishamwagwa, linyweshewe kwa siku 7 angalau, na lihesabiwe kuwa limefikia nguvu yake iliyokusudiwa baada ya siku 28.

Wapo wanaopunguza gharama kwa kujenga kuta za tofali na kuzipiga lipu nzito. Siukubali ujenzi huo kwa bwawa la chini ya ardhi, isipokuwa tofali ziwe za matundu, zipitishwe nondo zilizofungwa kwenye sakafu na matundu yote yajazwe zege kwa mchoro wa mhandisi. Ukuta wa tofali tupu hukaa vizuri bwawa likiwa limejaa, kisha hubomokea ndani siku linapokaushwa.

Kabla ya lipu na vigae, jaza bwawa maji na uliache wiki nzima. Weka ndoo ya maji juu ya ngazi ya bwawa, izame kiasi, na maji yaliyomo ndani yake yalingane na ya bwawa. Jua hupunguza vyote viwili kwa kiasi kinachokaribiana, hivyo maji ya bwawa yakishuka kuliko ya ndoo, linavuja. Mkandarasi anayekataa jaribio hili asipewe kazi.

Kwa faiba, ukaguzi ni mfupi, ila hauna marudio. Kabla ya kununua, uliza kama tabaka lililo nyuma ya jelikoti limetengenezwa kwa resini ya vinaili esta au kwa poliesta ya kawaida. Ya kwanza hustahimili zaidi maji yanayopenya polepole na kuleta malengelenge. Gongagonga kuta ukisikiliza sehemu zinazotoa mlio wa uwazi, na litazame bakuli lote likiwa bado juu ya lori, kwa sababu ufa utakaouona baada ya kushushwa utakuwa na ubishi. Kitanda chake kiwe kokoto ndogo safi au mchanga ulioshindiliwa, na ulalo upimwe kwa mpira mwembamba uliojazwa maji au kwa mashine kabla ya kufukia, kwani maji ya bwawa hayafichi ukingo ulioinama. Kisha maji hujazwa ndani na kokoto hujazwa nje kwa pamoja, kila mara sentimita 30 hivi, ili msukumo wa pande zote mbili ulingane. Udongo uliochimbwa usirudishwe pembeni. Kazi ikienda vizuri, bwawa hili hukamilika kwa wiki chache, wakati la zege huchukua miezi.

Katika matumizi ya kila siku faiba ina unafuu. Uso wake laini hauupi mwani wa kijani mahali pa kushika, hivyo klorini na kusugua hupungua. Zege jipya huachia chokaa ndani ya maji na kupandisha pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, kwa miezi kadhaa, nawe utakuwa ukiongeza asidi kuirudisha kati ya 7.2 na 7.6. Lipu ya zege isiyo na vigae huhitaji kurudiwa baada ya miaka 10 hadi 15 hivi. Jelikoti nayo hufifia kwenye jua letu, hasa ya rangi nzito, na maji ya kisima yenye chuma huitia madoa ya kahawia. Kujaza upya lita 45,000 kwa maboza ya lita 10,000 ni safari tano, kwa hiyo aina inayolazimisha kukaushwa mara nyingi ina bei isiyoandikwa kwenye makadirio. Pwani kuna nafuu moja kwa faiba: mafundi wa boti wanaijua kazi ya resini na nyuzi za kioo, na wanaweza kuziba jeraha dogo. Bara utamsubiri fundi kutoka mbali.

Kwa maoni yangu, mwenye ua wa udongo mweusi, geti pana na haja ya bwawa la kawaida la familia atafute faiba, akubali umbo lililopo. Mwenye maji ya ardhini yaliyo karibu, uchochoro mwembamba au haja ya kina na umbo la pekee ajenge kwa zege, na atenge fedha za mhandisi kabla ya fedha za vigae. Pale ambapo ardhi ni kavu na njia ni wazi, aina zote mbili zinafaa, na hapo ndipo bei na picha zinapostahili kuamua.

Mkataba ufuate hatua ambazo haziwezi kukaguliwa tena baadaye. Kwa zege, malipo yatolewe baada ya nondo kukaguliwa kabla ya kufunikwa, kisha baada ya jaribio la maji. Kwa faiba, yatolewe baada ya bakuli kukaguliwa juu ya lori, kisha baada ya ulalo kupimwa. Sehemu ya mwisho ibakizwe hadi masika moja yapite.