Namna ya kuirudia albamu ya ujana wako, hasa kama uliijua kwenye kaseti

Watu wengi wanaotaka kuirudia albamu waliyoipenda wakiwa na miaka kumi na sita huanzia kwenye simu. Huandika jina la waimbaji, hubonyeza wimbo wowote unaotokea juu, na kabla ya kiitikio cha pili wanaanza kujiuliza ni kitu gani kilichokuwa kikiwapendeza. Nami nilifanya hivyo, nikaifunga simu kwa aibu kidogo, na ilinichukua muda kutambua kwamba nilichokisikia kwenye simu hakikuwa kile nilichokipenda. Sisi tuliokulia Kigoma miaka ile hatukuwa na albamu zenyewe. Tulikuwa na kaseti zilizorekodiwa kutoka kwenye albamu hizo, na kaseti ya namna hiyo ina mambo yake ambayo hayamo kwenye nakala nyingine yoyote duniani. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua uliipenda nakala gani.

Nitatumia mfano wangu. Millennium, albamu ya Backstreet Boys, kundi la waimbaji wa pop wa Marekani, ilitoka Mei 1999, ikiwa na nyimbo 12 na urefu wa karibu dakika 46. Mimi niliipata mwaka uliofuata, nikiwa kidato cha pili, kwenye kaseti ya dakika 60 iliyorekodiwa katika kibanda kimoja karibu na soko la Mwanga. Kaseti ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande. Nyimbo nane za mwanzo za albamu ile zinakaribia sana kuzimaliza dakika hizo 30, na kwa kuwa mrekodi aliuacha utepe ukimbie kimya kwa muda kabla ya kuanza, wimbo wa nane ulikatika kabla ya kufika mwisho wake. Nyimbo nne zilizobaki zilichukua kiasi cha dakika 16 za upande wa pili. Warekodi wengi waliona ni vibaya kumkabidhi mteja utepe mtupu, na huyu wangu akaziba pengo la dakika 14 kwa nyimbo mbili ndefu za rumba kutoka ng'ambo ya ziwa, zenye magita ya sebene ambayo yalikuwa bado yanalia redio ilipojizima yenyewe kwa mshindo. Kwa miaka zaidi ya ishirini, kichwani mwangu, Millennium ilikuwa albamu ya nyimbo 14 inayomalizikia Kongo.

Kabla ya kusikiliza chochote, basi, keti na daftari uandike unavyoikumbuka kaseti yako: upande upi ulichakaa zaidi, wimbo upi ulifuata upi, wapi palikatika, wapi sauti ilivutika kama mtu anayesinzia, nini kilirekodiwa mwishoni. Usiombe msaada wa intaneti katika hatua hii. Ukishaiona orodha rasmi ya nyimbo, kumbukumbu yako itajirekebisha bila kukuaga, nawe hutaweza tena kutofautisha ulichokijua na ulichokisoma dakika tano zilizopita. Andika pia mazingira, maana yana kazi baadaye. Katika nyumba yetu redio ilikuwa ya mjomba, mvuvi wa dagaa, na wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi inapong'aa wanabaki nyumbani. Mjomba akibaki nyumbani redio ilikuwa yake, tena ya taarifa ya habari na ya taarabu. Ndiyo maana albamu ile naikumbuka kama kitu cha usiku wa giza, na nilipoiandika sentensi hiyo kwenye daftari ndipo nilipoelewa kwa nini kuisikiliza saa nane mchana ndani ya daladala hakukunifikisha popote.

Kama kaseti yenyewe bado ipo, usiitumbukize kwenye redio siku hiyohiyo unapoitoa kabatini. Unyevu wa ziwa hauna huruma kwa kaseti, na nyumba nyingi za Ujiji na Kibirizi zinaujua. Ichunguze kwanza kwenye mwanga kupitia kile kidirisha cha katikati. Ukiona madoadoa meupe kama unga kwenye kingo za utepe, hiyo ni kuvu, na kaseti ya namna hiyo isichezwe, kwa sababu itaichafua redio na redio itazichafua kaseti nyingine. Kama utepe ni safi, tazama kile kipande kidogo cha sufi kilicho katikati ya ukingo ulio wazi, ambacho kazi yake ni kuukandamiza utepe kwenye kichwa cha kusomea. Gundi yake huchoka na kipande hicho huanguka, na bila chenyewe sauti huwa hafifu na isiyo na ncha. Kinaweza kuhamishwa kutoka kwenye kaseti usiyoihitaji, hasa ikiwa kasha limefungwa kwa skrubu na si kwa gundi. Kisha ingiza kalamu ya wino yenye pembe sita katika tundu la gurudumu, uzungushe taratibu mizunguko michache ili kuhakikisha kwamba hakuna palipogandana. Ndipo uiweke kwenye redio na kuipeleka mbele mpaka mwisho, halafu kuirudisha yote mwanzo, kabla ya kuicheza. Utepe uliokaa miaka ishirini bila kusogea hujibana kwenye mizunguko yake, na kuupitisha hivyo huulegeza.

Redio nayo inahitaji kuandaliwa, na hapa ndipo wengi wanapoharibu mambo. Safisha kichwa cha kusomea na kile kigurudumu cha mpira kwa pamba iliyoloweshwa spiriti kidogo, mpaka pamba itoke bila rangi ya kahawia, kisha subiri pakauke. Ijaribu redio hiyo kwa kaseti usiyoijali. Utepe wa kaseti unatakiwa kupita kwa mwendo wa karibu sentimeta 4.76 kwa sekunde. Mkanda wa mpira unaoizungusha mashine ukilegea, mwendo hupungua, waimbaji huwa wazito na wimbo hushuka. Mafundi redio wachache waliobaki mjini wanaweza kuubadilisha mkanda huo, ila mwambie fundi asikuchezee kaseti yako kama jaribio. Nina sababu ya kusema hivyo, lakini yule fundi ni mzee sasa na nimemsamehe.

Jambo moja zaidi kabla ya kubonyeza. Juu ya kaseti kuna vijino viwili vya plastiki. Vikiwapo, kaseti inaweza kurekodiwa juu yake kwa bahati mbaya, vikivunjwa, haiwezi. Sote tunakumbuka tulivyoziba matundu hayo kwa karatasi iliyotafunwa ili kurekodi nyimbo za redioni juu ya kanda za watu wengine. Leo fanya kinyume: toa karatasi hiyo, au vunja kijino.

Unapoicheza kwa mara ya kwanza, icheze na kuihifadhi kwa pamoja, kwa sababu huna hakika kwamba itavumilia mara ya pili. Unganisha waya kutoka tundu la visikilizi la redio hadi kwenye kompyuta au simu yenye uwezo wa kupokea sauti, weka sauti ya redio katikati, hakikisha kwamba kipimo cha sauti hakigongi mwisho, halafu rekodi upande mzima bila kusimamisha. Usikate kelele, usipunguze mvumo, usigawe nyimbo. Hayo yote yanaweza kufanywa baadaye kwenye nakala nyingine, ilhali kilichokatwa kwenye rekodi ya kwanza hakirudi.

Usikilizaji wenyewe hautaki maelezo mengi. Chagua wakati unaofanana na ule ulioandika kwenye daftari, zima simu isipokuwa kama ndiyo inayorekodi, chaji betri mapema kwa kuwa umeme una tabia zake, na sikiliza upande wa kwanza mpaka mwisho bila kuruka wimbo. Kuruka ndiko kunakoharibu. Kwenye kaseti kuruka kulikuwa na gharama, kwa sababu kulikula betri na kuliweza kuufanya utepe uliwe, kwa hiyo tulizivumilia nyimbo tusizozipenda mpaka baadhi yake zikatuingia. Ukiruka leo, utasikia nyimbo tatu ulizozipenda tangu siku ya kwanza na utakosa zile zilizokuingia polepole, ambazo kwa maoni yangu ndizo zenye mengi ya kukueleza juu yako mwenyewe. Geuza kaseti kwa mkono. Sikiliza upande wa pili, pamoja na kile kilichozibia pengo.

Baada ya hapo, na si kabla, itafute albamu rasmi. Kuwa mwangalifu na toleo, kwa maana albamu nyingi za pop za miaka ile zilitoka kwa matoleo tofauti kulingana na soko, mengine yakiwa na wimbo wa nyongeza. Tafuta lenye mpangilio unaolingana na kaseti yako. Sikiliza mahali palipokatika. Nilipousikia mwisho wa wimbo wa nane kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka arobaini na kitu, ulikuwa ni sekunde chache tu, na hazikuwa na ajabu yoyote. Hata hivyo nilisimama katikati ya chumba kama mtu aliyeletewa barua iliyochelewa.

Maneno ya nyimbo yaache yawe hatua ya mwisho. Kama bado unalo daftari ulilokuwa ukiandikia maneno kwa kusikia, lilinganishe na maneno halisi mstari kwa mstari, na usicheke upesi. Kiingereza chetu cha kidato cha pili kilituangusha mara nyingi, lakini katika albamu hii si kila utata ulitokana na masikio yetu. Nyimbo zake zilizovuma zaidi zilitengenezwa Stockholm, katika studio ya Cheiron, na Waswidi ambao Kiingereza hakikuwa lugha yao ya kuzaliwa. I Want It That Way, ambao uliandikwa na Max Martin na Andreas Carlsson, unajulikana duniani kote kwa maneno yasiyoshikana: kiitikio hakilingani na beti. Baadaye yaliandikwa maneno mengine yenye mantiki zaidi, na waimbaji wakayarekodi, kisha ikaamuliwa kwamba yale ya kwanza yabaki kwa sababu yalikaa vizuri zaidi mdomoni. Binamu yangu na mimi tuligombana muhula mzima juu ya maana ya kiitikio kile, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye asiyejua Kiingereza. Waliouandika hawakuwa na jibu la kutupa.

Kwa albamu yako uliza maswali ya aina hiyohiyo: nani aliandika, nani alitengeneza muziki, ilirekodiwa wapi. Mara nyingi utagundua kwamba nyimbo ulizozipenda zinatoka kwa mkono mmoja, na kwamba mkono huohuo uliandika nyimbo za kundi jingine ulilokuwa ukidai hulipendi. Ufundi wa Stockholm una alama zinazosikika: ubeti mfupi, daraja linalopanda, yaani kipande kinachouunganisha ubeti na kiitikio, kiitikio kinachokuja mapema, na karibu na mwisho sauti ya wimbo mzima inapandishwa ghafla kwa hatua moja. Ukishaisikia mbinu hiyo ya kupandisha, huwezi kuacha kuisikia. Wapo wanaosema kujua ufundi huua raha. Kwangu iliongeza heshima, ingawa nakiri kwamba nyimbo mbili za katikati ya albamu sasa naziona kuwa za kujazia tu, na ningependa zaidi kuzisikiliza zile rumba mbili.

Hizo rumba zilinipa kazi niliyoifurahia kuliko yote, na kama kaseti yako ina nyongeza ya namna hiyo nakushauri usiipuuze. Rekodi kipande cha sekunde thelathini, mpelekee mtu mzima anayeujua muziki wa wakati ule, umwache asikilize bila kumwambia unatafuta nini. Mimi nilimpelekea mjomba. Alisikiliza magita, akatikisa kichwa, akasema, "Mwanangu, huu ulikuwa wimbo wangu. Mlikuwa mnanificha?" Hatukumficha. Kabla hajaondoka kwenda kuvua, alikuwa akiisikia kaseti ile kupitia ukutani miaka yote, akisubiri Wazungu wamalize kuimba ili magita yaanze.

Ukimaliza, irudishe kaseti mpaka mwanzo wa upande mmoja bila kuisimamisha njiani, ili utepe ujikunje kwa mkazo ulio sawa. Itie kwenye kasha lake, kisha ndani ya mfuko unaofungika pamoja na kile kipakiti cha chembechembe za kunyonya unyevu kinachokuja kwenye maboksi ya viatu, uiweke mbali na spika, kwa kuwa sumaku yake haifai kukaa jirani na utepe. Andika kwenye karatasi ya kasha kilichomo kweli, si kile kilichotakiwa kuwemo. Yangu sasa imeandikwa: nyimbo 12, wa nane umekatika, rumba 2 za mjomba.