Mzio mkali: mlaze, asisimame

Hili nimelitoa kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza. Mtu akivimba ulimi, akikosa pumzi, sauti ikikauka au akishikwa na kizunguzungu muda mfupi baada ya kula kitu, kuumwa na nyuki au kumeza dawa, mlaze chali palepale alipo, miguu iinuliwe. Mchome sindano yake ya adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, pajani, upande wa nje. Ile ya kujidunga hupita hata juu ya suruali. Kisha piga simu ya dharura.

Kwa nini alale? Mzio mkali hulegeza mishipa, presha inaporomoka na damu inatuama miguuni. Akiinuka ghafla, moyo unakosa damu ya kusukuma na anaweza kufa hapohapo. Kwa hiyo hata akisema "niko sawa, acha niende chooni mara moja", mkatalie, hata akinuna. Kwenye gari la wagonjwa abebwe, asitembee.

Ila kulala chali hakumfai kila mtu. Anayehangaika kupumua aketi, miguu ameinyoosha mbele. Anayetapika au aliyezimia alale ubavu. Mjamzito, ubavu wa kushoto. Na kumlaza bila adrenalini si tiba. Vidonge vya mzio hutuliza muwasho tu, koo lililovimba haliviogopi. Dakika 5 zikipita bila nafuu, mchome ya pili kama ipo. Akipata nafuu bado aende hospitali, maana dalili huweza kurudi saa kadhaa baadaye.