Pete na msalaba wa darubini ya kuongozea, kwa vifaa vya Mwanza

Anga huzunguka sekunde 15 za tao (sekunde moja ya tao ni digrii moja ikigawanywa mara 3,600) kila sekunde ya saa. Mota ya darubini hujitahidi kulifuata, lakini kasoro ndogo ya gia inatosha kuzipa nyota mkia kwenye picha ya dakika tano. Dawa yake ni kufunga darubini ndogo mgongoni mwa ile kubwa, kushikilia nyota moja katikati ya msalaba wa nyuzi ulio ndani yake, na kurekebisha mota kwa vitufe. Adui mkubwa wa kazi hii ni kunepa.

Hatua ya 1: pete. Tafuta kipande cha bomba la PVC la maji taka la inchi 4, ambalo kipenyo chake cha nje ni milimita 110. Darubini ya lenzi ya milimita 60 au 70 inaingia vizuri. Lizungushie karatasi, kingo zikutane barabara, kisha fuata ukingo kwa msumeno wa chuma. Kata pete mbili za upana wa sentimita 4. Karatasi hiyohiyo ikunje sehemu tatu sawa. Mikunjo itakuonyesha pa kutoboa, kila milimita 115 hivi.

Hatua ya 2: boliti. Toboa matundu ya milimita 6.5 kwa boliti za M6, yaani za unene wa milimita 6. Usitegemee meno ya plastiki, yanalika upesi. Gundisha nati kwa ndani kwa epoksi, na nyingine iwe nje ya kukazia. Kila ncha ya boliti ivishe kipande kigumu cha dumu la mafuta ya kula. Wapo wanaoweka mpira wa baiskeli, mimi siutaki. Mpira hubonyea, na darubini ikigeukia upande wa pili nyota inahama wakati mota haina kosa.

Hatua ya 3: ubapa. Funga pete juu ya ubapa mnene wa alumini, zipishane sentimita 20, boliti mbili kwa kila pete ili isijizungushe. Tundu moja la kurekebishia liwe juu kabisa. Meno ya M6 yanapishana milimita 1, kwa hiyo mzunguko mmoja wa boliti huinamisha darubini kama digrii 0.29, zaidi kidogo ya nusu ya upana wa mwezi mpevu. Zungusha robo robo.

Hatua ya 4: msalaba. Hapa Mwanza tuna bahati: uzi wa nyavu wa nailoni uliosokotwa unapatikana kirahisi. Usokotoe, utoe unyuzi mmoja mwembamba kuliko unywele. Chukua lenzi ya jicho aina ya Plössl, toa vioo kwanza, nyosha nyuzi mbili kwenye ukingo wa pete iliyo ndani, zikatane mraba, uzishike kwa tone la rangi ya kucha. Supa gluu iache, mvuke wake hutia ukungu kwenye vioo.

Toboa ubavuni, ingiza LED nyekundu: betri mbili za AA, rezista ya kiloohm 1, na volyumu ya redio mbovu ya kupunguzia mwanga. Wakati wa kuongoza, toa nyota kwenye fokasi kidogo iwe kiduara, msalaba uikate robo nne. Robo moja ikikua utaiona mara moja.

Hatua ya 5: kulenga. Tuko digrii 2.5 kusini mwa ikweta. Nyota ya Kaskazini haichomozi kwetu, na ncha ya kusini ya anga iko chini mno kuonekana, kwa hiyo mhimili ambao mota huzungushia darubini, unaopaswa kuelekea ncha hiyo, unakaribia kulala. Anza na dira na pima maji. Kisha subiri Mintaka, nyota ya pembeni katika ukanda wa kundinyota la Jabari (Orion), ipite utosini. Ikielea kaskazini au kusini, sogeza mhimili kushoto au kulia kidogo. Ikizidi kuelea, rudi upande wa pili.

Giza la mwezi ndilo msimu wa wavuvi wa dagaa pia, na taa zao hujaa ziwani. Jikinge nyuma ya jabali, ila usilikaribie mno: mawe yetu hutunza joto la mchana, na hewa juu yake hutetemesha nyota hadi usiku uende.