Kubadilisha bushi zilizochoka kwenye gari lililotembea kilomita nyingi

Bushi ya mkono wa chini wa gurudumu, ule ambao mafundi huuita lowa amu, ni mpira uliogandishwa kati ya vibomba viwili vya chuma. Kibomba cha nje hushindiliwa ndani ya tundu la mkono, kile cha ndani hubanwa na bolti kwenye fremu hata kisiweze kuzunguka, na mkono unapopanda na kushuka ni mpira wenyewe unaojinyonga huku na huku. Mtu akilishika hilo ataelewa kwa nini bushi mpya kabisa, tena halisi ya kiwandani, huweza kupasuka mapema ikiwa bolti ilikazwa wakati gurudumu linaning'inia hewani. Kosa hilo ni la kawaida katika gereji nyingi za hapa Mombasa, na lawama huangushiwa spea.

Mpira huchoka kwa umri na si kwa masafa peke yake. Sheria za Kenya haziruhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hiyo gari kuukuu la kutoka Japani linaposhushwa bandarini Kilindini, mara nyingi bushi zake za kwanza zimekaribia umri huohuo, hata kama saa ya kilomita inaonyesha tarakimu ndogo za kupendeza. Likishafika kilomita 200,000 juu ya matuta na mashimo yetu, jambo la kujiuliza ni bushi ipi imekufa zaidi. Mafuta ya injini yanayovuja na kudondokea mpira huuvimbisha na kuulainisha, na ni kazi bure kufunga bushi mpya chini ya uvujaji ambao haujazibwa.

Dalili ya kwanza huwa ni mgongano mzito, mmojammoja, unaosikika gari linapopita mahali penye kidato, kama vile bamba la kushukia feri pale Likoni, au unapoachia breki na kuondoka. Mlio mwepesi wa kugongagonga mfululizo kwenye barabara ya changarawe mara nyingi hutoka kwenye linki za stablaiza, yaani vijiti vinavyounganisha mkono au shokamzoba na nondo ya kupunguza kuyumba kwa gari, ambazo ni rahisi zaidi kubadilisha, na ni vyema kuzikagua kwanza kabla ya kutoa fedha za bushi. Bushi ya nyuma ya mkono ikichoka, gurudumu hurudi nyuma kidogo kila unapokanyaga breki, na gari huvuta upande mmoja au usukani hucheza mkononi. Tairi kuliwa upande wa ndani ni dalili pia, lakini peke yake haithibitishi kitu, kwa sababu alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, iliyopotoka huleta matokeo yaleyale.

Ili kuhakikisha, ingiza ncha ya mtaimbo kati ya mkono na fremu, usukume kwa nguvu ya kiasi na uangalie mpira kwa tochi. Mwendo mdogo ni wa kawaida, kwani mpira umeumbwa ujongee. Usichotaka kuona ni ufa unaofunguka, mpira uliobanduka kutoka kwenye chuma, kibomba cha ndani kilichosogea kando, au, kwa bushi zile zenye kimiminika ndani, alama za majimaji yaliyotoka. Kagua bolijointi, kiungo cha gololi kinachounganisha mkono na kitovu cha gurudumu, wakati huohuo. Ikiwa nayo ina mchezo, na kwenye gari lako imeunganishwa moja kwa moja na mkono, ni afadhali kununua mkono mzima ulio na bushi na bolijointi mpya kuliko kulipia mara mbili kazi ya preshi, mashine ya kushindilia bushi. Ikiwa mkono wa asili ni mzima, haujapinda wala kuliwa na kutu, basi mkono huo wenye bushi mpya za ubora huwa bora kuliko mkono wa bei nafuu usiojulikana ulikotengenezwa. Nunua kwa pande zote mbili. Bushi za poliurethani, aina ya plastiki, ni ngumu zaidi kuliko mpira, hutaka grisi ya silikoni na huweza kulia zikikauka; kwa gari la familia au la kazi, sioni sababu ya kuacha mpira.

Usiku wa kuamkia kazi, safisha bolti kwa brashi ya waya na uzipulizie mafuta ya kulegeza kutu. Asubuhi, gari likiwa bado limesimama kwa magurudumu yake mahali tambarare, pima kwa futi umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kulia na kushoto, na uandike vipimo hivyo, kwa sababu ndivyo vitakavyokuongoza wakati wa kukaza. Legeza nati za magurudumu, weka vizuizi nyuma ya magurudumu ya nyuma, inua sehemu yote ya mbele na uiegemeze juu ya stendi imara. Kwenye viwanja vya mchanga kama vya Bamburi na Kisauni, jeki na stendi huzama, hivyo tandika mbao nene chini yake. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee.

Ondoa gurudumu, kisha linki ya stablaiza ikiwa imefungwa kwenye mkono, kisha bolijointi. Kwenye Toyota nyingi ndogo bolijointi hushikwa na mkono kwa bolti moja na nati mbili, kwa hiyo huna haja ya kuibandua kwa nyundo. Angalia waya wa sensa ya ABS (breki zinazozuia magurudumu yasijifunge) na bomba la breki visivutwe. Baada ya hapo zinabaki bolti za fremu. Kwenye baadhi ya magari ya otomatiki, bolti ndefu ya upande wa giaboksi haitoki mpaka fremu ndogo iliyobeba injini ishushwe kidogo, nayo ni kazi ya kufanyia gereji yenye shimo na vifaa vya kuegemeza injini.

Hapa pwani, kazi hii hukwamia kwenye kutu. Hewa ya chumvi hupenya kati ya bolti na kibomba cha ndani mpaka vinashikana, ukizungusha bolti unauona mpira unazunguka nao. Usiendelee kuitumia nguvu hovyo, maana kichwa kitakatika au nati iliyochomelewa ndani ya fremu itabanduka, na hapo kazi ya asubuhi moja hugeuka kazi ya mchomeleaji. Ongeza mafuta, zungusha mbele na nyuma kwa mpini mrefu, kidogokidogo. Ikishindikana, ikate bolti kwa msumeno kati ya bushi na kishikio cha fremu, ukiwa umekwisha kununua bolti mpya ya daraja lilelile la ugumu. Usichome mpira kwa moto ili uutoe. Moshi wake ni sumu, na bushi yenye kimiminika huweza kuruka usoni.

Mkono ukiwa nje, tia alama kwa tindo au rangi inayoonyesha bushi ya zamani ilielekea wapi na iliingia kina gani. Bushi nyingi za nyuma zina nafasi tupu upande mmoja wa mpira, na zikiwekwa zimegeuka, gari halitakaa sawa barabarani. Preshi ndiyo njia nzuri, na mafundi wengi wa chuma wanayo na watakushindilia kwa malipo madogo. Bila preshi, bolti ndefu yenye nati, washa (pete bapa za chuma) nene na kipande cha bomba vitafanya kazi ileile polepole. Kibomba cha nje kikigoma kutoka, kikate kwa ndani kwa upamba wa msumeno bila kugusa chuma cha mkono, kisha kikunje. Sugua tundu mpaka ling'ae, paka maji ya sabuni kidogo, usitumie grisi ya kawaida kwa sababu huharibu mpira, na sukuma bushi mpya ukiibana kwenye kibomba cha nje pekee. Ukisukuma kwenye mpira au kibomba cha katikati, utaipasua kabla haijaonja barabara.

Rudisha mkono na uingize bolti zote, lakini zifikishe tu mahali pa kugusa bila kuzikaza. Weka jeki chini ya bolijointi, inua mpaka umbali kati ya katikati ya kitovu cha gurudumu na madigadi ulingane na kipimo ulichoandika asubuhi, na hapo ndipo ukaze bolti za bushi kwa spana ya kupimia mkazo, kwa kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha matengenezo cha gari lako. Wakati wa kuinua, usiruhusu gari linyanyuke kutoka kwenye stendi. Likianza kunyanyuka, shusha na ukamilishe ukazaji kwenye shimo la gereji, magurudumu yakiwa yamebeba uzito wote. Ukikaza mkono ukiwa umening'inia, mpira utashikwa katika hali ambayo si yake, na gari likishushwa chini litaanza safari likiwa limekwisha kuukamua kama nguo ya kufuliwa, kabla hata ya tuta la kwanza.

Nati za magurudumu hukazwa kwa mpangilio wa kuvuka, na kwa Toyota ndogo nyingi kiwango ni nyutonimita (Nm) 103. Endesha polepole mitaani, ukanyage breki mara chache mahali pasipo na watu, usikilize, kisha upeleke gari kupimwa alaimenti siku hiyohiyo kabla ya kuanza safari ya Malindi au Voi. Baada ya kilomita 100 au zaidi kidogo, kagua tena bolti zote ulizozigusa.