Mbwa ananenepa, mkia unapukutika, wala hajikuni

Ukiwa na mbwa wa mbegu safi, hasa Doberman, Boxer au Golden Retriever, ukaona ananenepa ilhali chakula ni kilekile, usikimbilie kumpunguzia. Mpapase mkia na mbavu. Manyoya yakiwa yamepukutika pande zote mbili sawasawa, mkia umebaki kama wa panya na hajikuni hata kidogo, mwombe daktari wa mifugo ampime homoni za tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, kwani huenda tezi hiyo haitoi homoni za kutosha. Viroboto huwasha, ugonjwa huu wa tezi kwa kawaida hauwashi, ndiyo maana wengi huupuuza.

Damu ichukuliwe akiwa hana ugonjwa mwingine. Maradhi mengi, pia prednisoloni (dawa ya kutuliza uvimbe na mzio) na baadhi ya dawa za kifafa, hushusha T4, homoni kuu ya tezi hiyo, ukaishia kumpa vidonge vya maisha yote mbwa ambaye tezi yake ni nzima. Bora TSH, homoni inayoichochea tezi hiyo, ipimwe pamoja.

Na wewe unayetafuta mtoto wa mbwa, dai vipimo vya thairoidi vya wazazi wake, tena vya karibuni. Mwelekeo wa ugonjwa huu hurithiwa, lakini mara nyingi hujitokeza mbwa akishakomaa. Cheti cha mama alipokuwa na mwaka 1 hakikuhakikishii kitu.