Nani kala muhogo? Soma meno kabla ya kununua sumu

Kwenye mashamba ya Kigamboni, Goba na kandokando ya msitu wa Pande, jijini Dar es Salaam, kila kilichotafunwa usiku husingiziwa panya. Sumu inatupwa, paka na bundi waliokula panya hao wanakufa, na muhogo unaendelea kuliwa.

Hatua ya 1. Fika alfajiri, kabla kuku na watoto hawajakanyaga. Piga picha ukiwa umeweka kiberiti pembeni ili ukubwa wa alama uonekane. Usiokote kitu kwanza.

Hatua ya 2. Tazama majani na vishina vilivyokatwa. Sungura na panya wana meno ya mbele juu na chini, hivyo huacha mkato safi wa mshazari. Mbuzi, paa na funo hawana meno ya mbele ya juu. Hubana na kunyofoa, ncha ikabaki na nyuzinyuzi. Kesi nyingi za "sungura pori" huishia hapa, kwenye banda la mbuzi la jirani.

Hatua ya 3. Njoo kwenye muhogo wenyewe. Nguruwe pori hufukua kwa pua: tuta zima limepinduliwa, mashina yamelala, alama za kwato zimetapakaa. Nungunungu huchimba shimo karibu na shina, na kwenye kipande alichobakiza utaona mifereji ya meno iliyokwenda miwili miwili, kila mmoja una upana wa milimita kadhaa. Mfereji wa jino la panya wa nyumbani ni kama milimita 1 tu.

Wengi hukosea hapa, kwa sababu nungunungu akishafukua, panya huja kumalizia. Ukikuta mikwaruzo midogo juu ya mipana, mchimbaji ni mwenye mipana.

Hatua ya 4. Chini ya mwembe, tafuta makapi yaliyobanwa: popo hutafuna, hunyonya maji, kisha hutema nyuzi. Tumbili huja mchana, huuma mara moja au mbili na kutupa, hata embe bichi.

Hatua ya 5. Hakikisha. Jioni tandaza mchanga laini kwenye upenyo wa uzio, mita 1 kwa 1, unene wa sentimita 1. Majivu nayo yanafaa, ila umande huyagandisha. Asubuhi linganisha nyayo na meno. Mwiba mmoja uliodondoka unamaliza ubishi wa nungunungu. Mvua ikinyesha, sawazisha mchanga na usubiri usiku mwingine, maana unyayo uliooshwa hutanuka ukaonekana wa mnyama mkubwa zaidi.